Kipimo cha Maji, Butiaba

Nilifika na barua ya serikali,
godoro la inchi nne, na mwavuli.
Lori lilinishusha pale nchi inapokatika ghafla,
na chini kule, ziwa,
na ng'ambo ya ziwa, Kongo,
buluu, imejikunyata, haina habari nami.

Kazi yangu ni fupi kuieleza:
kuna ubao wa namba umesimama majini.
Kila saa tatu asubuhi nausoma,
naandika daftarini, napiga simu Entebbe.
"Kumi na tatu nukta mbili."
"Sawa." Anakata.

Nilikuja pia kuitafuta meli.
Mwalimu wetu wa jiografia aliichora kwa chaki:
meli ya mvuke, sitaha mbili,
wazungu wakinywa chai chini ya turubai,
na posta, na hoteli, na taa za gati.
Nikauliza iko wapi.
Mama Anyolitho, mwenye nyumba wangu,
akacheka hadi akashika mlango.
"Umeikalia."

Kweli. Benchi ni ubavu wa meli.
Sigiri imekatwa kwenye bomba la moshi.
Mbuzi wa Balikagira amefungwa kwenye kipande cha nanga,
na kengele ya shule,
inayogongwa kwa nondo watoto wakichelewa,
ni bamba lenye matundu ya ribiti,
kumi na moja, nimeyahesabu.
Watu wa vyuma chakavu walibeba sehemu kubwa;
yaliyobaki yaliingia jikoni.
Basi nanywa chai iliyochemkia juu ya historia.
Haina ladha ya pekee.
Ina moshi, na tangawizi.

Posta imebaki ukuta mmoja.
Unaanikiwa nyavu.
Chini yake muziri, wadogo kama njiti za kiberiti,
wanakaukia pale watu walipopanga foleni
kungoja barua za watoto wao.
Kunguru ndiye karani.

Mgeni siku mbili;
ya tatu sikupewa jembe, nilipewa ndoo.
Maji yaliingia usiku bila kubisha hodi,
yakavichukua viatu vyangu, kwanza cha kushoto,
yakavizungusha chumbani kama yanavijaribu.
Tulikumba hadi alfajiri.
"Ziwa hili," alisema Mama akikamua leso,
"lilimtoa baba yangu pale,"
akaonyesha maji.
"Likanitoa mimi pale,"
akaonyesha maji.
"Hii ni nyumba ya tatu. Mlango ni uleule."

Nikautazama mlango.
Mvule, mzito, umekatwa chini mara mbili,
bawaba zake za meli.
Hubebwa kwanza, kabla ya sufuria,
kabla ya picha ya marehemu.
"Mtoto ana miguu," alisema. "Mlango je?"

Sasa kila asubuhi huniuliza, "Limesemaje?"
kama anayeulizia ndugu aliyelazwa.
Namba hazimhusu. Husoma uso wangu,
halafu hurudi kwenye unga wake.
Siku moja nilimpunguzia:
nikasema nukta tatu, na ilikuwa nukta saba.
Entebbe niliwaambia kweli.
Hakunijibu neno.
Jioni nilimkuta amepiga magoti kizingitini
akizipaka bawaba mafuta ya mputa,
moja baada ya nyingine,
bila haraka.
Nikamshikia taa.

Mwezi uliopita Entebbe hawakukata simu.
Muda wangu unaisha Juni, walisema,
kuna nafasi ofisini, ghorofa ya pili, feni ipo.
Nikasema nitabaki.
Mdomo ulitangulia; akili ikafuata ikihema.

Leo nimekwenda kwa Balikagira,
achongaye mitumbwi na majeneza na vitanda.
Nimemwambia nataka mlango.
Akanipima kwa jicho, mabega, kimo,
akaondoa penseli sikioni.

"Wa kukaa," akauliza,
"au wa kubeba?"