Chupa ya Sita

Lita moja tu. Haitoshi hata kuogesha mtoto.
Nimepiga magoti kwenye ukoga,
naisukuma kwa bomba la sindano
ipite katika kichujio cheupe, duara, kama sarafu ya mia.
Kidole gumba kinaniuma. Maji ya Rungwe mwezi wa sita
hayana huruma na mwenye glavu za mpira.

Lugano yuko juu ya jiwe, panga kwapani,
ananitazama kama mtu anayemwona mwenzake
akikausha kisima kwa kijiko.
"Humo unatafuta nini?"
Aliyekunywa, namjibu. Aliyevuka.
Aliyejikuna kwenye gogo kule juu, unywele ukadondoka.
Kila kiumbe humwaga jina lake kikipita,
na kijito hakichagui, kinabeba.
"Hata minde?"
Hata minde.

Akacheka, bila dharau, kwa uchovu tu.
Miaka kumi na moja nakata njia hizi, akasema,
perere namsikia usiku, analia kama bawaba yenye kutu,
kipunji nimewaona, na matusi yao nimeyapokea,
lakini minde, dada, hata kinyesi.
Nilichokiona cha minde ni waya wa mtego,
na waya wenyewe ulikuwa mtupu.

Tukajaza nane.
Ya tisa ni maji ya maabara, tumeyapandisha mlima
na kuyateremsha vilevile,
ili akionekana mnyama humo
tujue mwongo ni sisi.

Kisha bodaboda, boksi la barafu mapajani,
mashamba ya parachichi yakipanda kuupokea msitu
kama wageni waliofika kabla ya kualikwa.
Kisha Mbeya, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika.
Mashine yenyewe haizidi kipande cha sabuni.
Inajua herufi nne tu, A na T na G na C,
mtoto aliyegoma kujifunza zilizobaki,
lakini hizo nne anazisoma usiku kucha bila kupiga miayo.

Chupa ya kwanza: ng'ombe.
Ya pili: ng'ombe, mbwa, ng'ombe.
Ya tatu kichujio kilipasuka.
Ya nne, chura; si huyu, si yule,
asilimia themanini na tisa,
yaani ana ukoo, jina bado.
Ya tano: binadamu.
Huyo ni mimi. Nilikohoa.

Ya sita nikaisoma nimesimama.
Nikaketi. Nikaisoma tena.
Nikaenda kwenye ya tisa kama mtu anayehesabu chenji
mbele ya muuza duka asiyemwamini:
tupu, tupu, tupu.
Nikarudi kwenye ya sita.
Bado yumo.

Nilimpigia Lugano saa moja asubuhi.
Nilisikia kuku, nilisikia redio, yeye sikumsikia.
Nikadhani salio limekwisha.
"Dume au jike?"
Kipimo hiki hakisemi.
"Jana? Juzi?"
Siku moja, siku mbili nyuma, labda zaidi kidogo.
Alikuwa hapo juu yetu, Lugano, tukibishana.

Redio ikazimwa.
"Umeshamwambia nani ni kijito gani?"
Bado.
"Basi usimwambie. Waya ni mwepesi kuliko chupa zako."

Kwa hiyo ripoti inasema: sampuli namba sita, msituni.
Mkubwa wangu anadai mstari wa ramani,
nampa viwango vya joto.
Na wewe pia nisamehe:
si lazima ulikuwa mwezi wa sita,
na huenda mlima nimeuazima jina.
Chupa ndiyo kweli. Na kikohozi.

Jioni akanitumia ujumbe, herufi kubwa zote,
kama anavyoandika siku zote:
TUSEME JIKE.
Baada ya dakika kumi ukaja mwingine:
ANA MIMBA.