Chokaa ya Kibokoni

Tulianza kumi na mmoja, tukabaki saba.
Wanne waliondoka wiki ile ya mchanga:
mmoja kaitwa bandarini, mmoja kaoa,
wawili walisema wazi, kwa sauti,
kwamba hawakumaliza sekondari
waje kuosha mchanga kama mchele wa biriani.

Mimi niliuosha.
Maji ya kwanza, ya pili, ya tano,
hadi Bi Twaiba achovye kidole, aonje,
ateme, aseme: "Bado una bahari ndani."
Ulimi wake ndio kipimo chetu cha chumvi.
Kile cha mtambo kiko kabatini, kimekwisha betri.

Kabla ya mwiko, penseli.
Kabla ya penseli, macho.
Mwezi mzima tulichora nyufa za nyumba moja:
ufa wa kumi na nne, upana wa ukucha,
umeanzia kwenye boriti, haujui uendako.
Nyamvula, aliyekuwa msusi huko Likoni,
huuona kabla haujafunguka.
"Ni njia ya nywele," husema.
"Ikipinda utosini, itapinda hadi kisogoni."

Shimoni chokaa imelala tangu Rajabu.
Anayeichungulia sana hukemewa kwa beti:

*Chokaa haina pupa, haipendi kuhimizwa;*
*maji nayo ukiipa, ngoja kiu kutulizwa.*

Na jingine, hili halina vina:
"Usitie ukutani usichoweza kukitoa.
Atakayekuja nyuma yako atajua zaidi.
Mwachie pa kuingilia."

Siku ya somo la saruji nilikaa nyuma.
Jiwe la matumbawe, alisema, linavuta pumzi.
Lizibe kwa saruji, unyevu utakosa njia,
chumvi itajenga kwake humo humo,
na jiwe litasagika, unga mtupu,
ndani ya koti zuri.
Wenzangu waliandika.
Mimi nilikuwa naiona sebule yetu.

Miaka sita Jeddah baba aliendesha lori la maji.
Alirudi na pesa za mifuko arubaini,
akaipiga lipu nyumba ya bibi, nje na ndani,
mpaka majirani wakaja kuipapasa.
Kila Idi huipaka rangi.
Kila masika hutoka majipu.
"Mvua za siku hizi," husema,
na huifuta kwa kitambaa, polepole, kama uso wa mgonjwa.

Nilimwomba pembe moja tu, chini ya ngazi,
upana wa msala.
Akakoroga chai iliyokwisha korogeka.
"Cheti hicho kinatoka lini?"
"Desemba."
"Na kazi ziko?"
Nikajibu anavyojibu Bi Twaiba:
"Nyumba ziko."
Akacheka, lakini si kicheko cha kukualika.
Akavaa kofia, akaenda Ijumaa.

Nikagonga. Tindo ndogo, nyundo ya mbao.
Saruji ilitoka pande zima, kama gamba,
na nyuma yake ukuta ukanimwagikia miguuni,
mweupe, laini, bila kelele.
Ningeweza kuuchota kwa kijiko.

Sikumsikia akirudi.
Aliutazama unga. Akaliokota lile pande,
akaligeuza upande wa mikunjo ya mwiko.
"Hapa nilipiga usiku," alisema.
"Mamako kanishikia taa, na wewe uko tumboni."
Hakulitupa. Aliliweka dirishani,
kando ya redio.

Nami nikatoa fomu, nikapiga magoti, nikaandika
tulivyofundishwa, bila kuruka mstari:
Kipande nambari moja. Lipu ya saruji.
Unene, vidole viwili.
Fundi: Kombo Shali.
Mwaka...

Akainama begani kwangu, akasoma,
akanyosha kidole
akanisahihisha mwaka.