Korosho ya Kumi

Uliniuliza mara tatu, shangazi Nyevu,
kabla chai haijapoa:
"Hizo pikipiki za mchangani,
mnashindana kwenda wapi?"

Hatuendi pahali, nikakujibu.
Tunatoka penye kamba, chini ya vilima vya mchanga vya Mambrui,
tunapanda, tunateremka, tunavuka mkondo mkavu,
tunakata kona penye mikoche miwili,
tunarudi pale pale penye kamba.
Mara kumi.
Mengine ni vumbi.

Ila vumbi nalo lina chuo chake.
Tairi la huko lina meno kama mbuzi ya kukunia nazi,
na upepo hulijazi, unalipunguza,
lilegee, likanyage kama mguu wa ngamia,
lisichimbe kama kuku.
Kiti usikizoee. Simama juu ya vikanyagio,
magoti yabane tangi, viwiko nje,
na macho yatangulie mbali:
ukilikodolea shimo, umo shimoni.

Na lile ambalo Birya alinifunza huku akinicheka:
mchangani, ukiogopa, ongeza mafuta.
Nilidhani utani.
Miaka sita nimebeba abiria, Malindi hadi Marafa,
mkono wangu umezoea kuomba radhi:
huyu ana mimba, punguza,
yule kapakata trei ya mayai, punguza.
Kule ukipunguza, gurudumu la mbele linazama
nawe unapaa juu ya usukani
kama barua isiyo na anwani.

Jumapili tulikuwa ishirini na mmoja.
Bendera ikashuka.
Wasemao mchezo huu ni kelele
hawajawahi kukaa ndani yake.
Ndani ni kimya. Pumzi yako kwenye kofia,
chumvi mdomoni,
mgongo wa Thoya mbele, namba saba imefutika nusu.

Mizunguko mitatu niliendesha kwa hasira.
Wa nne kwa akili.
Wa sita mikono haikuwa yangu,
kama niliyoiazima kwa mgonjwa.
Wa nane nikaanguka penye mikoche, cheni ikachomoka,
nikairudisha kwa vidole,
ngozi ikabaki kwenye meno yake.
Wa tisa siukumbuki.
Nilipofika watu walikuwa wanakunja kamba,
Birya yuko juu mabegani,
mwenye kipaza sauti anatafuta chaja ya simu.
Nikazima injini.

Ndipo nikakuona. Sikujua kama ungekuja.
Umeketi juu ya ndoo uliyoipindua,
vumbi limekupaka nyusi,
na kule Gongoni jiko lako la korosho
sijui umemwachia nani.
Ukafungua pindo la leso.

"Nilifunga kumi," ukasema.
"Kila shati lako la njano likipita, nala moja.
Mbona hii imebaki?"

Nikakwambia yamekwisha, shangazi, mshindi kapatikana.

Ukaitazama korosho,
ukatazama vilima, alama za matairi zimepishana
kama mkeka ulioachwa katikati ya kusukwa.
"Ya hao yamekwisha, sawa.
Na hii mimi naila kwa kipi?"

Vidole vinavuja damu.
Mwenye bendera kashaikunja, kaitia kwapani.
Nikavaa kofia.
Nikapiga kiki.
Haikuwaka.
Nikapiga tena.