Kuna Mtu Amelala

Fuata nyuki ule asali, tulifunzwa.
Huyu nimemfuata tangu alfajiri:
hana asali, hana mzinga,
hana hata malkia wa kumtuma.

Des Moines, bustani ya mtaa, kiwanja namba kumi na tisa.
Nilikuja mchana kuchuma majani ya maboga,
nikabana ua lililokwisha kufumba,
likanguruma kiganjani.
Nikalifungua taratibu kwa ukucha:
dume la nyuki, kalewa chavua, amelala
kama mtu wa zamu ya usiku.
Nami ni wa zamu ya usiku. Nilimwelewa.

Bwana Verlyn Tjaden, mwenye plau,
akaja na kofia yake ya kampuni ya mahindi:
"Mama Nabintu, Novemba tunalima pote, futi moja chini."
Nikamwonyesha vitundu kwenye udongo,
upana wa penseli,
mama zao wakiingia na miguu ya manjano.
"Hapa chini kuna watoto," nikamwambia.

Akachuchumaa. Goti likalia.
Akasema boga asili yake ni bara hili,
na nyuki huyu alikuwa nalo kabla ya plau,
kabla ya babu zake yeye kushuka melini.

Nami nilidhani boga ni la bibi yangu, Uvira!
Mbegu nilizishonea kwenye pindo la kitenge,
kumbe nilikuwa nazirudisha kwao.

Novemba trekta lilizunguka.
Kipande changu kikabaki kama nywele zisizochanwa;
majirani wakasema mvivu.
Waseme.
Julai hii nachuma majani,
maua nayaacha.