Mdomo wa Gunia

Jumamosi, Uyole, Julai inauma masikio.
Ghala la viazi limefagiwa, vumbi lingali darini,
na kila aingiaye huingia na koti lake.
Mimi na langu, daftari la madeni mfuko wa ndani.

Lutengano, fundi mizani, ndiye mwenye spika.
Wiki nzima hupima mali za watu,
Jumamosi huchomeka flashi ya salsa
na kugonga vijiti viwili vya mpini wa jembe lililovunjika:
ka, ka, ka,
kisha ka-ka.
Tatu upande huu, mbili upande ule.
"Hesabu haiko sawa," nilimwambia siku ya kwanza.
"Ndiyo maana inatembea," akasema.
"Mizani ikilingana, husimama."

Akatufundisha: moja, mbili, tatu,
nne usiitaje.
Tano, sita, saba,
nane iache ipite.
Mguu unatua, unangoja.
Nikacheka. Mimi dalali, ningojee nini?
Kwetu sokoni gunia hujazwa hata likishajaa,
likavishwa kilemba cha viazi, likashonwa kwa kamba,
lumbesa,
mpaka mbebaji anatembea kama mwenye ngiri.
Na nyimbo nyingi nilizozijua zilikuwa hivyo,
zimeshindiliwa hadi shingoni,
huna pa kupenyeza hata samahani.
Mnacheza wawili, kila mtu na ukuta wake.

Hii imeachwa mdomo.
Piano inarudi pale pale
kama mtu aliyesahau funguo, na kila akirudi ana neno jipya.
Besi haingoji saa yake, inatangulia,
mkwe anayebisha hodi maji hayajachemka.
Ngoma zinajibizana chini kwa chini
na hakuna anayemkata mwenzie kauli.
Hatua zenyewe fupi, zinaenea kwenye tuta moja.
Subilaga wa mgahawani, na goti lake bovu,
anacheza na kijana wa gereji mwenye miaka ishirini,
na kijana ndiye anayehema.

Kuna sheria moja tu: wimbo ukiisha, duara linasogea.
Humchagui mtu. Unapewa.

Ndivyo nilivyopewa Anyosisye.

Magunia kumi na manne tangu Pasaka.
Tangu Pasaka akiniona hukatiza nyuma ya vibanda vya mbolea.
Sasa mkono wake huu hapa, wa baridi. Wangu pia wa baridi.
Moja, mbili, tatu,
na kwenye ile nne isiyotajwa nikamtazama.
Tano, sita, saba,
na kwenye nane akasema,
"Gari lilianguka Kitonga."

Najua. Soko zima lilijua.
Lakini hakuwahi kuniambia yeye,
wala mimi sikuwahi kunyamaza muda wa kutosha aniambie.
Akainua mkono, nikapita chini yake, nikazunguka,
nikarudi nikiwa nimeshachelewa kukasirika.
"Utingo wako?" nikauliza kwenye nne nyingine.
Hakujibu. Muziki haukumharakisha.
Tukapita nane, tukapita nne,
vijiti vya Lutengano vikigonga,
tatu, mbili, tatu, mbili,
hadi akasema, "Anatembelea fimbo. Amerudi kwao Rungwe."

Wimbo ulikuwa mrefu, dakika saba hivi.
Ungekuwa wa dakika tatu tungeachana na chuki yetu nzima nzima.
Huu, kila tulipodhani unakwisha,
tarumbeta zinaamka, unaanza upya kwa mlango wa nyuma,
na sisi tumo, tumeshikana,
watu wawili wasiopendana sana
wanaoangaliana wasikanyagane.

Deni sikulifuta.
Magunia kumi na manne ni magunia kumi na manne.
Ila daftari lilikuwa ndani ya koti,
na koti, sijui ni saa ngapi,
nilikuwa nimelitundika kwenye ndoano ya mizani.
Lutengano akainama, akasoma mshale:
"Kilo mbili kasoro," akasema.
Halafu akageuza duara.