Risiti ya Ngaio

Kimea cha shayiri, kilo tano: dola thelathini na mbili.
Hopsi za Nelson, gramu mia: kumi na tisa,
nazo zimeota kisiwa hiki hiki, mwendo wa siku moja kwa gari.
Hamira, kipakiti kisichojaza kiganja: tisa na nusu.
Vizibo mia, dola nne.
Ngaio anajumlisha kwa penseli, hataki mashine,
ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo,
na mimi, Ewart Familton, mstaafu wa karakana ya reli,
namaliza hesabu kabla yake na kuomba niwe nimekosea.
Sikukosea. Sitini na nne na nusu.

Nje, mvua ya Juni inaipiga Dunedin ubavuni
na mlima wa kwenda nyumbani haujapata kupungua.
Nabeba mfuko begani kama mtoto aliyelala,
nagawanya kichwani: chupa thelathini,
dola mbili na senti kumi na tano kila chupa.
"Na gesi?" atauliza Coralie. "Na maji ya kuoshea?
Na jiko langu linalonuka uji siku tatu?"
Gesi sijaitia. Gesi huwa siitii.

Nilianza kupika ili nibane matumizi.
Hiyo ilikuwa zamani, mumewe Ngaio akiwa hai,
akikuongezea konzi moja juu ya kipimo
halafu akikukonyeza: usimwambie.
Sasa mizani ni ya umeme. Haina jicho la kukonyeza.

Basi mwezi Machi niliagiza ghalani, Auckland.
Karibu vitu vile vile, hopsi tu ndizo za Marekani:
arobaini na moja, usafiri ndani yake.
Sanduku likaja, jina langu limechapwa vizuri
kuliko lilivyoandikwa kwenye cheti cha ndoa.
Nikalificha nyuma ya mashine ya kufulia,
mtu mzima, mvi kichwani, kama mwizi wa biskuti.
Nikapika. Nikanyunyiza hamira. Nikangoja.
Siku ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu nikatega sikio kwenye pipa kama daktari,
nikasikia friji ya jirani.

Jumamosi jioni nikabisha kwa Ngaio, duka limeshafungwa,
kichupa cha kuonjesha ndani ya koti.
Akanusa. Akanusa tena, taratibu zaidi.
Akaonja, akatema kwenye sinki.
"Sharubati," akasema. "Hamira yako ilifia njiani."
Hakuuliza njia ipi.
Hopsi zile hajawahi kuziuza,
na pua ile inakijua kila kilicholala katika jokofu lake.
Akalifungua, linanguruma usiku na mchana
kwa umeme ambao nao una bili yake,
akatoa kipakiti, akakipasha joto kwapani
huku tukizungumzia magoti, lake la kulia, langu la kushoto.
"Tisa na nusu."
Nikatoa kumi, nikaisahau chenji kwa makusudi.
Akanifuata nayo hadi kwenye mvua.

Rahisi huvunja upishi, sawa.
Ghali nayo humvunja mpishi, na hilo halina methali.
Pensheni yangu ni ile ile; kodi ya duka lake imepanda.
Kwenye kioo kuna karatasi mpya:
Alhamisi hadi Jumamosi tu.
Kimea kimefika thelathini na tano.
Nimenunua. Na hopsi nimenunua,
na hamira mbili, moja ya akiba,
na mrija nisiouhitaji.
Pipa linatokota chini ya ngazi;
Coralie analalamika kwamba linaongea usiku,
kisha anauliza litakuwa tayari lini.

Vizibo, nakiri, bado naagiza ghalani.