Swali la Wiki Mbili

"Unakohoa zaidi ya wiki mbili?"
Kalamu yake juu ya fomu.
Nikacheka. Obunga hii, nani hakohoi?
Nakaanga mgongo wazi toka giza halijaisha;
moshi ndio mume wangu wa pili.

"Mnalala wangapi?"
Sita. Saba, shemeji Ogola alipokuwepo.
"Dirisha?"
Nikamwonyesha: gunia, misumari minne.
Wezi, mwanangu. Na mbu wa ziwani.

Akaandika. Akageuza ukurasa, akaandika tena.
Hakuniuliza Ogola alirudi kwao amekonda vipi,
wala shuka lake sasa
anajifunika nani.

Asubuhi, kabla ya chai,
nikakitema ndani ya kikopo
kile nilichokuwa nikikiita moshi.
Kizito.
Kina uzi mwekundu.

Leo nimeazima nyundo kwa Mama Apiyo.
Msumari wa kwanza umekataa.